Njia ya Wachuuzi wa Samaki: Kwa Baiskeli Tanga, Amani na Pangani

Mgeni wa Tanga huiona baiskeli kabla hajaiona bahari. Hajatoka vizuri kituo cha mabasi cha Kange, zimekwisha kumpita: Phoenix nyeusi zenye karia pana ya chuma, mwanafunzi kampakia mdogo wake kwenye bomba, muuza maziwa na madumu yake, bibi wa makamo kakaa upande nyuma ya mumewe, kanga kaikaza isiguse spoku. Mji ni tambarare, na mitaa ya katikati imenyooka na kukatana mraba tangu enzi za Wajerumani. Miji mingi ya Tanzania imeziachia pikipiki barabara. Tanga bado inakanyaga, na mimi naipenda kwa hilo.

Upande mmoja wa mji huu kuna bahari. Upande wa pili, siku isiyo na mawingu, unaiona Milima ya Usambara Mashariki imesimama buluu. Nimewasikia watu wengi wa pwani wakiizungumzia milima ile kama nchi ya wengine, yenye baridi yake na mambo yake. Lakini mizigo ya kwenye karia ilikuwa ikisema jingine. Dagaa walikuwa wanapanda, machungwa na ndizi zinashuka. Nikataka kuifuata mizigo hiyo kwa kasi yake yenyewe, nianzie inakoanzia nifike inakoishia.

Fundi aliyeniandalia baiskeli anafanya kazi chini ya mwembe, maboksi ya gololi yamepangwa mbele yake juu ya gunia. Alibadilisha raba za breki, akaniwekea tairi nene zaidi, akapaka grisi kila palipozunguka. Nilipomwambia nataka kuanza na Pangani, akatikisa kichwa.

"Miezi hii kusi linavuma, mwanangu. Ukianza na Pangani utapigana nalo kutwa nzima. Anza na mlima. Ukimaliza mlima teremkia Pangani, halafu kusi lenyewe litakurudisha nyumbani."

Ushauri huo ndio uliopanga safari yote: Tanga hadi Muheza, kupanda Amani, kushuka tena Muheza, kukata hadi Pangani, kisha kurudi kaskazini kwa njia ya pwani. Wakati wake ni kipupwe, kati ya Juni na Agosti, masika yamekwisha na udongo wa mlimani umekauka. Masika yenyewe, barabara ya Amani huwa utelezi mwekundu ambao hata Land Rover huuheshimu.

Nilitoka alfajiri na wachuuzi wa samaki. Hao huwa wamekwisha kwenda soko la Deep Sea, wakasubiri boti za dagaa zirudi, wakanunua kwa ndoo, wakafunga matenga kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu na kuanza safari ya bara kabla jua halijawaharibia mali. Nikafuatana na mmoja kupita Pongwe, kwenye vumbi jeupe la mawe ya chokaa. Mwendo wake haukuwa wa haraka ila haukubadilika, kwenye mteremko wala kwenye kilima. Akanieleza kwamba kazi yake inafuata mwezi.

"Dagaa huvuliwa kwa taa, kaka. Giza ndilo letu. Mwezi ukishakuwa mkubwa, dagaa haifuati taa tena, boti zinalala na sisi tunalala."

"Na siku hizo unafanya nini?"

"Nashusha machungwa."

Nyuma ya jibu hilo kuna hesabu ya mtu anayeijua njia yake kama mkulima anavyolijua shamba. Kila kijiji kilikuwa na mteja wake na deni lake. Alijua nyumba gani hununua vibua na ipi haitaki ila dagaa wakavu, akajua wapi pa kupiga kengele na wapi pa kuita kwa sauti. Tuliachana Ngomeni, kwenye mashamba ya mkonge, mistari ya kijani kibichi yenye miiba iliyokwenda hadi macho yasipofika. Hakuteremka kuniaga, aliinua mkono na kukata kushoto kwenye njia ya miguu.

Muheza ni chini ya kilomita 40 kutoka Tanga na ni mji wa machungwa. Msimu ukiwa umeiva unayanusa kabla hujayaona, yamemwagwa chini kwa marundo, malori yamerudi kinyumenyume kuyasubiri. Nilikunywa chai kwa maandazi, nikajaza chupa za maji, nikaiacha lami.

Njia ya kwenda Amani inaanza kwa upole. Unapita vijiji vya Wabondei, minazi michache, migomba, mashamba ya mihogo, kisha unaingia kwenye msitu wa mitiki wa Longuza. Miti imepandwa safu, majani yake makubwa makavu yanavunjika chini ya tairi, na kivuli chake ni cha kubariki. Baada ya Kisiwani unafika Sigi, mahali palipojengwa kituo cha reli ndogo ambayo Wajerumani waliitumia kushushia magogo. Nyumba ya kituo bado ipo. Hapo ndipo penye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na zaidi ya hekta 8,000, na hapo ndipo mlima unapoanza kweli.

Kutoka Sigi kwenda juu ni kama kilomita 10 za kona na mawe. Sikuwahi kuona aibu kushuka na kusukuma, na sikuona mtu mwingine aliyeona aibu. Wenyeji wenyewe hawapandi na mizigo wakiwa juu ya baiskeli. Wanaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko. Wanaoshuka ndio wa kutazamwa. Vijana wawili walinipita na mikungu ya ndizi iliyozidi upana wa barabara, breki zao zikiwa ni kandambili iliyokanyagiwa kwenye tairi la nyuma, harufu ya raba ikibaki hewani muda mrefu baada ya wao kupotea kwenye kona.

Pembeni mwa njia, mara unausikia na mara unauona, ni Mto Zigi. Mto huu ndio sababu ya mimi kusisitiza kwamba mlima si nchi ya wengine. Maji yanayotoka bombani katika Jiji la Tanga hutoka Bwawa la Mabayani, na Mabayani ni Zigi. Mvua inayonyesha huku juu, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, inazuiwa na majani, inanyonywa na mizizi na kuachiliwa polepole, ndipo mama wa Makorora au Ngamiani afungue bomba na kuosha samaki wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walivamia vijito vya Sakale, na waliokuwa chini waliona kwa macho yao maji yakigeuka rangi. Wakulima wa bonde hili wana umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi mito ya Kihuhwi na Zigi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita 60 kwa mwenye ekari moja ya mlimani si kitu kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia iliki alinionyesha alipoacha kulima. Palikuwa pameota matete na migomba pori, pazuri, pana rutuba. "Hapa palikuwa pa magimbi," akasema. "Sasa ni pa mto." Alipolisema hilo hakulalamika wala hakujisifu, nami nikatamani kila anayelipa bili ya maji Tanga amwone mzee huyo akiwa amesimama pale na jembe lake.

Amani yenyewe iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda miti ya dunia nzima kujaribu ipi itawafaa: mikwinini, mikarafuu, mikafuri, miti ya mpira. Mingi bado imesimama. Mmoja miongoni mwa iliyoletwa, mhesi, ulipenda kukaa kuliko ilivyotakiwa na sasa unaingia katikati ya msitu wa asili, ukichukua nafasi ya miti kama mtambara. Nililala katika baridi ya blanketi mbili, na asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala kwenye paa, hondohondo wakipiga kelele juu yake.

Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu ya milima hii na vilima vilivyo chini yake. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo limo kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, katika vyungu vidogo. Nililikuta kando ya njia ya miguu, limejishika kwenye jiwe kivulini, na sikulichuma. Machoni pangu hapo ndipo palikuwa kwake.

Kushuka ni kazi ya mikono. Vidole vilikufa ganzi kwa breki, na kila baada ya kona kadhaa nilisimama ili rimu zipoe. Muheza nilipita bila kukaa. Kutoka hapo kwenda Pangani ni kilomita 40 na ushei za vumbi, mkonge, vichaka, na vijiji ambavyo mnazi unaongezeka kila unaposogea. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo isipokuwa jua lake. Karibu na Boza hewa ikabadilika, ikawa nzito na yenye chumvi.

Pangani ni mji mdogo wenye historia kubwa kuliko nyumba zake zinavyoonyesha. Milango ya nakshi bado ipo, Boma lipo, maghala yaliyohifadhi pembe na watu waliotekwa yanamomonyoka taratibu mbele ya mto. Mwaka 1888, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipopandisha bendera yake hapa, watu wa pwani walisimama, na Abushiri bin Salim akawaongoza. Vita vilienea pwani nzima. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Nilikaa kwenye ukuta wa mtoni saa ya alasiri, watoto wakiruka majini kutoka kwenye gati, nikimfikiria. Mji uliotoa upinzani wa namna ile unastahili zaidi ya paa zinazoanguka, na fedha za kuziinua zikipatikana, Pangani isisubirishwe tena.

Mto wenyewe umetoka mbali. Maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, na yakifika hapa yamekwisha kuzungusha mitambo ya umeme Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani Falls, tena yamenywesha mashamba mengi njiani. Yanayobaki ndiyo haya, mapana na ya rangi ya kahawia, yanayosukumana na bahari mlangoni. Bahari inashinda kidogo kidogo. Wakulima wa kando ya mto wanaijua chumvi inayopanda juu wakati wa kiangazi na kuua minazi ambayo babu zao waliipanda. Mambo mengine ni yale yale ya Zigi: linalofanywa juu huonekana chini.

Nilivuka kwa kivuko kwenda Bweni, baiskeli yangu katikati ya mbuzi, magodoro na pikipiki, nikapanda kilima hadi mkonge ulipoanza tena. Kikogwe iko upande huu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Afrika Mashariki ilikuwa 62 tu, ikapandwa hapa. Kutoka kwa hiyo 62 ukatokea mkonge uliojaza bonde zima la Tanga, ukaleta vibarua kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, na ukafikisha takriban tani 230,000 mwaka 1964 kabla kamba za plastiki hazijauangusha. Watu waliokuja kuukata walibaki. Vijiji kadhaa nilivyopita, ukiuliza asili ya mtu, utasikia Rufiji, Songea, Kigoma, Burundi, na wote wanajibu kwa Kiswahili cha Tanga kilicholainika.

Jioni hiyo nilikula changu wa kupaka na wali wa nazi, na mpishi akanionyesha kwa mkono kilipo Kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kwa wingi kutaga. Mti wa mwisho ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa sana, na kasa wasiojua hilo bado wanakuja kutaga. Watu wa kijiji cha Ushongo huyahamisha mayai kuyaleta bara na kuyafukia ufukweni kwao hadi yaanguliwe.

Kisha fundi wa Tanga akathibitika. Nilivuka mto tena, nikageuza usukani kaskazini na kusi likaniwekea mkono mgongoni. Barabara ya Pangani hadi Tanga ni kilomita 50, na ninakumbuka vipande virefu ambapo sikukanyaga kabisa, minazi ikiinama upande niliokuwa nakwenda.

Kigombe niliifikia maji yakiwa yamekupwa, tena kupwa la bamvua. Bahari ilikuwa imerudi mbali sana, na wanawake wametapakaa juu ya miamba na mikonjo yao wakitafuta pweza. Ufukweni, mama karanga, wakaanga samaki, walikuwa wamewasha majiko, mafuta yanachemka, wakisubiri ngalawa. Nilimwamkia mmoja, akaitika na kunipa kigoda bila kuuliza natoka wapi. Samaki wake wa kukaanga hufika Muheza kwa baiskeli, akasema, na wengine hupanda hadi Amani kwenye mashamba ya chai. Hapo nikajua kwamba nilikwisha kumla samaki wa Kigombe nikiwa juu mlimani, kwenye baridi, bila kufahamu nani kamkaanga.

Wavuvi wa hapa ndio waliomtoa silikanti. Mwaka 1938 samaki huyo alipovuliwa Afrika Kusini, wanasayansi walishangaa, kwa kuwa walimhesabu ametoweka tangu zama za dinosaria. Katika miaka ya 2000 jarife za Tanga, zilizotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa, zikaanza kumpandisha mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 eneo hili likatangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alimweleza kwa umakini wa mtu anayemzungumzia jirani: magamba magumu, mapezi kama viungo, mafuta mengi, nyama isiyolika.

"Tulikuwa hatumjui thamani," akasema. "Baruti nayo tuliijua madhara, ila waliokuwa wakiipiga walikuwa na nguvu kuliko sisi."

Miaka mingi milio ya baruti ilikuwa sauti ya kawaida ya bahari ya Tanga. Bomu moja huua changu, pono na tasi, wakubwa kwa wadogo, na kulivunja tumbawe lililojijenga kwa miaka mingi kuliko umri wa kijiji. Mzee alisema sasa ni nadra kuusikia mlio huo, na jarife lake hulitega mbali na miteremko ya silikanti. Akanionyesha kwa kidole mahali ambapo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alikuwa ameona tasi wadogo kundi zima.

Kituo changu cha mwisho kabla ya mji kilikuwa Tongoni. Msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo vimesimama kati ya mibuyu, kazi ya Waswahili waliokuwa wakifanya biashara hapa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Karibu na hapa ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Vyombo vya watu wa hapa vikaendelea kutoka na kurudi.

Chini ya magofu, mikoko inapoishia, fundi wa ngalawa alikuwa akichonga. Gogo lilikuwa la mwembe, limeshapata tumbo na omo, na tezo lake likirusha vibanzi vyeupe hadi kwenye miguu yangu. Gogo limetoka wapi, nikamuuliza. Bara, akasema, upande wa Muheza. Hapa pwani miembe minene imekwisha. Alipojua kwamba ndiko nilikopita kwa baiskeli, akaliweka tezo chini.

"Umeiona miembe huko?"

Nikamwambia nimeiona mingi, na mmoja mkubwa mno kabla ya Kisiwani, kando ya barabara, mkono wa kulia ukipanda.

"Umenyooka?"

Nikajaribu kukumbuka. Chini umenyooka, nikasema, juu umegawanyika matawi matatu.

Akafungua mikono yake, akapima hewani. "Yanapoanza matawi ni juu ya kichwa chako au chini?"

Juu, nikasema, juu sana.

"Na bado unazaa?"

Unazaa. Nilikuwa nimeona watoto wakiupopoa.

"Basi huo uache," akasema, akalichukua tezo lake. "Ukipita tena unitazamie uliozeeka."